Jina la ngege limebaki, mwenyewe amekwenda wapi?

Msomaji, ukipita Kisumu siku yoyote ya juma, ukaingia katika vibanda vya samaki vilivyo karibu na ziwa, utakaribishwa kwa maneno matamu na kuulizwa utakula nini. Ukijibu kwamba unataka ngege, hutangoja sana. Utaletewa samaki mzima aliyekaangwa kisha akatokoswa kwa nyanya na vitunguu, na kando yake ugali na mboga za kienyeji. Utanawa mikono, utakula, utashiba, utalipa, nawe utakwenda zako ukiamini kwamba umemla samaki yule yule waliyemla mababu wa ufuo ule tangu zama za kale.

Lakini yamkini hukumla. Uliyemla ni mgeni. Kabla hujammega, ungalimtazama mkia, ungaliona mistari iliyosimama wima. Hiyo ndiyo alama yake. Huyu aliletwa kutoka maziwa mengine ya bonde la mto Nile katika miaka ya 1950. Wajaluo wenye kupambanua mambo humwita nyamami. Na siku hizi huenda hata hakuvuliwa ziwani, bali alifugwa katika kizimba, au alisafirishwa ndani ya barafu kutoka China.

Ama huyo ngege wa asili, mwenyeji wa ziwa ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe na ramani huliita Victoria, amekuwa adimu mno ndani ya ziwa kuu. Jina lake halikufa pamoja naye. Lilihamia kwa mgeni. Na kwa kuwa jina lingali linatajwa kila siku sokoni na mezani, hakuna aliyemwekea matanga.

Haya ndiyo ninayotaka tuyazungumze leo. Kupotea kwa samaki ni jambo la huzuni, lakini lipo jambo la pili ambalo hupita kimyakimya: kupotea kwa kumbukumbu ya kwamba samaki huyo alikuwapo.

Samaki aliyekuwa mwenyeji

Ngege wa asili alikuwa samaki mpole. Chakula chake kilikuwa mimea midogo mno inayoelea majini, isiyoonekana kwa macho matupu. Mama wa ngege huyaatamia mayai yake kinywani, na vifaranga wakianguliwa huendelea kuwalinda humo humo. Samaki wa namna hii hazai maelfu kwa maelfu kama wengine. Huzaa wachache akawatunza vyema. Mwenye kumvua kwa pupa humaliza mama na watoto kwa mpigo mmoja.

Kabla ya ukoloni watu wa ufuoni walivua kwa migono iliyosukwa, kwa ndoana, kwa nyua za matete zilizojengwa kwenye maji ya kina kifupi, na kwa makokoro ya mafunjo yaliyokokotwa na kundi la watu. Kila ufuo ulikuwa na wenyewe, na si kila mtu aliyeweza kuja akavua apendavyo.

Reli ilipofika Kisumu mwaka wa 1901, mji ukapata walaji, na samaki akapata njia ya kusafiri. Mwaka wa 1905 zikaletwa nyavu za kutega za kigeni katika ghuba ambayo leo tunaiita Winam. Mwanzoni mavuno yalikuwa ya kustaajabisha. Lakini haikupita miaka ishirini kabla ya wavuvi kuona kwamba wavu ule ule, uliotegwa mahali pale pale, ulileta samaki wachache mwaka hadi mwaka.

Mwaka wa 1927 serikali ya mkoloni ilimleta mtaalamu kutoka Uingereza, Michael Graham, aje achunguze mambo. Alizunguka ziwa lote hata mwaka wa 1928, na ripoti yake ikachapwa mwaka wa 1929. Alipendekeza kwamba matundu ya nyavu yasipungue inchi tano, ili ngege wachanga wapite wakakue. Tena alionya vikali dhidi ya fikira ya kuleta samaki mkubwa mla-samaki kutoka ziwa jingine. Ni yeye pia aliyempa ngege jina lake la kitaalamu, mwaka wa 1928: esculenta, neno la Kilatini lenye maana ya kitu kizuri kuliwa.

Hebu lifikiri hilo, msomaji. Siku ile sayansi ilipomwandika ngege katika daftari lake, ngege alikuwa tayari amekwisha kupungua. Kipimo cha kwanza kilichoandikwa kilikuwa kipimo cha mgonjwa. Alivyokuwa ngege mzima, kabla ya mwaka wa 1905, walijua wazee wa ufuoni peke yao, na wazee hao hawakuulizwa sana.

Hesabu ya boma moja

Ili tuelewe jinsi watu wanavyosahau, tuchukue mfano wa boma moja kando ya ghuba ya Winam, tuseme si mbali na Kendu Bay. Boma hili ni la kuwazia tu, lakini mambo yaliyowapata watu wake ni ya kweli.

Babu mkuu alizaliwa karibu na mwaka wa 1900. Kijana mdogo, alishuhudia nyavu za kwanza zikitandazwa. Aliwaona ningu, samaki wa mtoni, wakipanda mito ya Nzoia, Yala, Nyando, Sondu na Kuja wakati wa mvua kubwa kwenda kutaga mayai, wengi kiasi kwamba migono ilijaa na watu wakabanika samaki wa akiba. Kwake yeye hayo ndiyo yaliyokuwa maisha ya kawaida.

Mwanawe alizaliwa karibu na mwaka wa 1930. Alipoanza kuvua, nyavu za nailoni ndizo zilizokuwa zimeingia, imara kuliko zile za zamani na zisizooza upesi. Ngege walikuwa wachache, lakini yeye hakuwahi kuwaona wakiwa wengi. Nyavu zilitegwa hata kwenye vinywa vya mito, ningu wakanaswa kabla hawajataga, na katika maisha yake kundi lile kubwa likakoma. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ile sheria ya inchi tano nayo ikaondolewa. Baba yake alipomsimulia habari za ningu wa zamani, alisikiliza kwa adabu, akadhani mzee anaupamba ujana wake.

Mjukuu alizaliwa karibu na mwaka wa 1960. Utoto wake ulikuwa utoto wa fulu, vile visamaki vya rangi nyingi ambavyo mtoto angeweza kuvivua kwa ndoana ndogo akiwa juu ya jiwe. Wanawake waliwaanika juani wakawauza. Alipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mbuta akaja na fedha zake, na fulu wakatoweka.

Kitukuu alizaliwa karibu na mwaka wa 1990. Huyu alikulia katika ziwa lenye mbuta, omena na gugumaji. Gugumaji ni mmea wa Amerika ya Kusini. Katika upande wa Kenya lilionekana mapema katika miaka ya 1990, na kufikia mwaka wa 1998 lilikuwa limeifunga bandari ya Kisumu hata vyombo vikashindwa kupita. Kwa kitukuu, zulia lile la kijani lenye maua ya zambarau ni sehemu ya ziwa, sawa na mawimbi. Hakuna aliyemwambia kwamba baba yake alikuwa mtu mzima alipoliona kwa mara ya kwanza.

Na sasa yupo kilembwe, mtoto wa shule. Yeye akitazama ziwani huona safu za vizimba vya kufugia samaki. Ukimwambia achore ziwa, atachora vizimba.

Watu watano, ziwa moja, na kila mmoja ana ziwa lake kichwani. Kila mmoja aliona likipungua kidogo tu tangu siku alipofumbua macho. Hakuna hata mmoja aliyeuona upungufu wote. Wahenga walisema: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Methali hii ni kweli kwa habari ya tumbo. Kwa habari ya ziwa ni hatari kubwa, maana asiyejua alichokula wa jana hawezi kujua alichonyimwa wa leo.

Maradhi yaliyopewa jina

Wataalamu wa ng'ambo wamelitafutia jambo hili jina. Mwaka wa 1995 Daniel Pauly, mtaalamu wa uvuvi anayefundisha nchini Canada, aliandika makala fupi ya ukurasa mmoja tu, ambayo tangu hapo imesomwa dunia nzima. Alieleza kwamba kila kizazi cha wataalamu wa samaki huhesabu tangu hali waliyoikuta wakati wa kuanza kazi. Kizazi kinachofuata kinaanzia chini zaidi, nacho pia kinadhani hapo ndipo mwanzo. Hivyo mstari wa kupimia unateremka polepole, na hakuna anayeuona ukiteremka.

Wakati huo huo Peter Kahn, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, alizungumza na watoto wa Houston, mji wenye hewa chafu. Watoto wengi walijua vizuri uchafuzi wa hewa ni kitu gani, na walisema upo katika miji mingine. Wachache zaidi ndio waliosema upo katika mji wao wenyewe. Hewa waliyoizaliwa ndani yake ndiyo waliyoihesabu kuwa hewa.

Na mwaka wa 2005 ulitolewa uchunguzi uliofanywa huko Mexico, katika Ghuba ya California, ambako wavuvi wa vizazi vitatu waliulizwa ni samaki gani wamepungua. Wazee walitaja aina za samaki mara tano zaidi ya zile walizotaja vijana. Vijana hawakuwa wajinga wala waongo. Hawawezi kuhuzunikia kitu ambacho hawakupata kukiona.

Katika hilo hakuna tofauti kati ya mvuvi wa Mexico na mvuvi wa Dunga au Mbita. Tofauti ni kwamba huko walikwenda wakawauliza wazee kabla hawajafa, wakaandika.

Neema ya mbuta na gharama yake

Yafaa tumtendee mbuta haki. Samaki huyu, ambaye jirani zetu wa Tanzania humwita sangara, alitolewa Ziwa Albert na kuingizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa miaka mingi hakuvuma. Kisha, tangu karibu na mwaka wa 1980, aliongezeka kwa kishindo, kwanza katika maji ya Kenya. Mavuno ya ziwa zima, ambayo yalikuwa kama tani 100,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1970, yalifika karibu tani 500,000 mwishoni mwa miaka ya 1980. Samaki mmoja anaweza kupita urefu wa mtu mzima. Viwanda vya minofu vilijengwa Kisumu na kwingineko, minofu ikapelekwa Ulaya, na ziko nyumba nyingi za mabati na karo nyingi za shule zilizolipwa na mbuta.

Lakini minofu ilipokwenda Ulaya, mifupa ilibaki hapa. Kichwa na uti wa mgongo vilikaangwa na kuuzwa kwa jina la mgongo wazi, na huo ukawa ndio samaki wa mtu wa kipato kidogo katika nchi ya samaki. Mama aliyezoea kuanika fulu juani bila gharama yoyote alijikuta anahitaji kuni na mafuta, kwa kuwa mbuta ana mafuta mengi na hakauki kwa jua peke yake.

Nao fulu? Katika uchunguzi uliofanywa kati ya mwaka wa 1969 na 1971, fulu walikuwa zaidi ya robo tatu ya uzito wa samaki wote waliokokolewa chini ya ziwa. Kadiri ya miaka kumi na mitano baadaye, walikuwa karibu kwisha katika makokoro hayo. Zilikuwapo aina zaidi ya 500, nyingi zao zisizopatikana mahali pengine popote duniani, na inakadiriwa kwamba aina kama 200 zimetoweka. Si mbuta peke yake wa kulaumiwa. Udongo na uchafu kutoka mashambani na mijini ulilitia ziwa utusitusi, na fulu ni samaki ambao jike humchagua dume kwa rangi yake. Maji yalipochafuka, jike hakuweza tena kupambanua rangi, na aina mbalimbali zikachanganyika zikawa moja. Aina kadhaa zimerudi tangu miaka ya 1990, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kundi zima lililokuwapo halirudi tena.

Sasa tazama mambo yanavyokwenda. Mbuta naye amepungua. Leo ukiwasikia watu wa makamo wakisema, laiti ziwa lingerudi kama zamani, hiyo zamani wanayoisema ni miaka ya 1980 na 1990, siku za mbuta mnono. Yaani zamani ya ziwa imekuwa ni siku zile zile ambazo baba zao walizililia kuwa ni mwisho wa ziwa! Hapa ndipo hatari yenyewe ilipo. Mipango ya kulitengeneza ziwa hufanywa na watu wenye kumbukumbu za miaka arobaini. Watalitengeneza lifikie wapi?

Maji hayakusahau

Pengine msomaji atasema kwamba haya ni mambo ya wataalamu na wapenda hadithi, kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Basi na tuyatazame yaliyotokea juzijuzi.

Mwaka wa 1961 ilinyesha mvua kubwa mno katika Afrika Mashariki. Kenya ilikuwa karibu na kujitawala, na watu wengi huyaita mafuriko yale mafuriko ya Uhuru. Kati ya mwaka huo na 1964 ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita mbili. Mashamba ya ufuoni yalizama, watu wakahama wakaenda juu.

Baadaye maji yakateremka, na ardhi ikaonekana tena, tambarare, yenye rutuba, karibu na maji. Waliohama walizeeka. Watoto wao waliijua ile ardhi kuwa ni nchi kavu, kwa sababu hawakupata kuiona ikiwa vingine. Waliilima, wakajenga nyumba, na wengine wakajenga hoteli, shule na vituo vya kuuzia samaki.

Mvua kubwa zikarudi mwishoni mwa mwaka wa 2019, na mwezi wa Mei 2020 ziwa likapanda hata likaipita kidogo ile alama ya 1964, iliyokuwa imedumu miaka 56. Maelfu ya watu wa kandokando, kuanzia Budalang'i hadi Nyando na Homa Bay, walipoteza nyumba na mazao. Wengi walisema ziwa limevamia watu. Mzee aliyeyaona ya 1961 angesema maneno mengine: ziwa limerudi mahali pake. Lakini wazee wa namna hiyo walikuwa wamebaki wachache, na hakuna aliyewauliza kabla ya kuchimba msingi.

Kumbe kumbukumbu ya maumbile si pambo la kusimulia jioni tu. Ni kama alama iliyokatwa kwenye mti kuonyesha maji yalifika wapi. Anayeikata mti huo na kuutia motoni hulala salama mpaka usiku wa mvua.

Nani aliyeandika?

Hapa ndipo fasihi inapoingia. Katika nchi hii vitabu vya wanyama havikukosekana. Karen Blixen aliandika juu ya shamba lake chini ya milima ya Ngong, kitabu kikatoka mwaka wa 1937. Joy Adamson aliandika juu ya simba wake Elsa mwaka wa 1960, na dunia nzima ikamjua Elsa. Lakini vitabu hivyo vilitazama nyika, mbuga na wanyama wakubwa. Simba ana kitabu chake. Ningu hana.

Fulu walibahatika kidogo. Tangu mwaka wa 1977 kundi la wataalamu kutoka Uholanzi lilikuwa Mwanza likiwachunguza, na mmoja wao, Tijs Goldschmidt, akaandika mwaka wa 1994 kitabu chenye utamu wa riwaya juu ya visamaki hivyo na maangamizi yao. Kiliandikwa Kiholanzi. Ni jambo la kutafakari kwamba mtoto wa Amsterdam angeweza kusoma habari za fulu katika lugha ya mama yake kabla ya mtoto wa Homa Bay.

Si kwamba watu wetu walinyamaza. Grace Ogot alilitia ziwa katika hadithi zake tangu miaka ya 1960, na msichana wake Oganda, anayetembea kwenda ziwani kutolewa kafara ili mvua inyeshe, hawezi kusahauliwa na yeyote aliyemsoma. Na kabla ya vitabu ilikuwapo hadithi ya Nyamgondho, ambayo kila mtoto wa Gwassi huijua. Nyamgondho alikuwa mvuvi maskini aliyevua mwanamke kutoka ziwani. Mwanamke yule akamletea mali na ng'ombe wasiohesabika. Siku moja, akiwa amelewa, alimtukana kwa asili yake, na mwanamke akainuka akarudi ziwani, ng'ombe wote wakimfuata nyuma. Mzee wa kale aliyeitunga hadithi hiyo hakujua habari za tani wala inchi, lakini alijua kwamba mali ya ziwa ina mwenyewe, na asiyeiheshimu huiona ikirudi ilikotoka.

Mwandishi aliyeonyesha njia kwa uwazi zaidi ni Profesa Wangari Maathai. Alipopokea Tuzo ya Nobel huko Oslo mwaka wa 2004, mbele ya wafalme na wakuu, alimalizia hotuba yake kwa habari ya kijito kilichokuwa karibu na kwao alipokuwa mtoto. Alikuwa akienda kumtekea mama yake maji, akajaribu kuokota mayai ya chura akidhani ni shanga, yakimkatikia mkononi, kisha baadaye akawaona viluwiluwi wakiogelea. Miaka zaidi ya hamsini baadaye kijito kilikuwa kimekauka, na watoto hawatajua kilichopotea. Angeweza kutaja hesabu za misitu na mvua. Alichagua viluwiluwi, kwa sababu alijua kwamba hesabu husahauliwa lakini shanga za chura hazisahauliki.

Hayo ndiyo maandishi tunayoyahitaji. Hayahitaji maneno makubwa. Yanahitaji jina la kitu, mahali, mwezi na mwaka, na jinsi kilivyotumika. Lugha zetu zenyewe ni ghala la kumbukumbu hizo. Mswahili wa pwani ana kusi na kaskazi, matlai na umande, na kila neno lina majira na safari zake ndani. Mjaluo ana ngege na mbiru, ningu na fwani, suma na sire, okoko na kamongo. Neno likikosa wa kulitumia, huenda na kitu chake. Na wakati mwingine, kama tulivyoona kwa ngege, neno hubaki na kutuficha kwamba kitu kimeondoka.

Wengine watasema wazee hutia chumvi. Ni kweli, wako wanaotia, na kila mvuvi duniani humrefusha samaki aliyemponyoka. Ndiyo sababu maneno ya wazee yawekwe kando ya ripoti za zamani, kila moja lisahihishe jingine. Graham aliandika matundu na inchi, hakuandika nyimbo wala mapishi. Bibi anakumbuka mapishi, hakumbuki inchi. Ukiviweka pamoja, ndipo unapoliona ziwa.

Kanyaboli

Kuna habari moja njema ya kumalizia. Katika Siaya, ndani ya kinamasi cha Yala, kuna ziwa dogo liitwalo Kanyaboli. Limetengwa na ziwa kuu kwa mafunjo mengi, na maji ya ndani ya mafunjo yana hewa kidogo mno, kiasi kwamba mbuta hawezi kupita. Humo ngege wa asili angali anaishi. Wapo na fulu wa aina ambazo ni shida kuonekana kwingineko.

Kinamasi hicho kimekuwa kikikatwa na kukaushwa sehemu kwa sehemu tangu miaka ya 1960 ili kupata mashamba, na watu wanahitaji chakula na kazi, hilo halina ubishi. Lakini anayetazama mafunjo bila kumbukumbu huona kichaka kisicho na faida. Mwenye kumbukumbu huona ukuta uliomwokoa ngege. Uamuzi wa kuukata au kuuacha utategemea ni yupi kati ya hao wawili atakayekuwa mezani siku ya kuamua.

Wazee waliozaliwa kabla ya mbuta kuingia ziwani wana miaka sabini, themanini na zaidi. Hawatakuwa nasi siku nyingi. Walimu walio karibu na ziwa, na hata walio mbali nalo, wangeweza kuwapa wanafunzi kazi moja ya likizo: kaa na babu au bibi, muulize mtoni mlikuwa na nini, msituni mlikuwa na nini, mvua ilianza mwezi gani, maji yalifika wapi, kisha andika majibu pamoja na jina la mahali na mwaka. Daftari la shilingi chache linatosha. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, na mtoto aliyeandika habari hizo mwenyewe hatazisahau.

Nawe msomaji, siku utakapoketi tena kibandani Kisumu ukaletewa ngege, kula kwa furaha, maana nyamami naye ni mtamu na aliyempika ametoa jasho. Ila kabla hujammega, mwonyeshe mtoto uliye naye ile mistari ya mkiani. Mwambie huyu ni mgeni aliyepewa jina la mwenyeji, na kwamba mwenyeji yuko Kanyaboli.